Kijani Mgonjwa

6 Januari

Mdogo wangu Kasuku,

Salamu zangu zikukute mzima, na kama umelala zikuamshe. Mimi sijambo. Kazi nyingi, baridi nyingi, lakini nadunda. Baba je? Mpe mkono wangu, mwambie nusu ya barua hii ni yake. Najua atataka umsomee mara mbili. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu, maana yeye husema maneno ya simu yakishapita yamepita.

Sasa sikiliza. Ulikwenda kukaa na Baba macho yalipoanza kumharibika, na tuliagana iwe miezi miwili. Leo ni miaka minne. Sijasahau. Mwaka huu zamu ni yangu. Naja mwezi wa Juni, nakaa naye mimi, na wewe unarudi kwenye kiwanda chako cha uchapaji kujalidi vitabu vyako, hata kesho yake ukitaka. Neno langu hilo.

Ila nina ombi. Siwezi kurudi kwenye ile nyumba kama ilivyo, kuta nyeupe zilizochafuka, milango ya kahawia kama ya bohari. Nataka ipakwe rangi kabla sijaja. Ndani ya bahasha kuna kadi. Hiyo ndiyo rangi ya sebule yangu huku: kijani kilichopoa, si cha majani mabichi, ni kijani kama kilichochanganywa na majivu. Ukikaa ndani yake kichwa kinatulia. Ipakwe nyumba nzima: kuta, milango, fremu, mpaka ule mkanda mweusi wa chini ukutani. Kila kitu rangi moja. Ndivyo watu wanavyopamba siku hizi. Gharama zote juu yangu. Chumba changu kianze.

Kaka yako

2 Februari

Kaka, Bwana Mkubwa wa Sebule,

Barua yako ilinikuta nafua, nikaisoma mikono ikiwa na povu, ndiyo maana kona moja imeharibika. Sisi wazima. Baba anakohoa kidogo asubuhi, akishakunywa chai anasahau kukohoa. Nimemsomea mara tatu, si mbili. Palipoandikwa Juni alinisimamisha: "Rudia hapo." Nikarudia. Akatabasamu peke yake mpaka nikaona wivu.

Nimemwandikia msimamizi wangu kiwandani. Amesema nafasi yangu kwenye meza ya kujalidi ataniwekea mpaka Julai. Hii ni mara ya tatu ananiwekea, kaka. Mimi ningekuwa yeye ningeshampa mwingine zamani. Nakwambia mapema tusije tukalaumiana. Nina miaka thelathini na nne, na tangu nije hapa safari yangu ndefu kuliko zote ni ya sokoni. Baba akilala nakaa, akiamka nasimama. Nampenda, unajua. Lakini nimechoka kuwa mkongojo wa mtu asiyetaka mkongojo.

Haya, rangi. Nimempata fundi, mzee mmoja mjane, amepanga chumba karibu na gereji. Watu wanamwita Msasa kwa sababu hawezi kuona kitu asikisugue. Nilimpa kadi yako akaigeuza, akainusa, akaikwaruza kwa ukucha. "Hii imepakwa kwa brashi," akasema, "tena na mtu anayejua." Akaniuliza rangi yenyewe inaitwaje. Nikamwambia sijui. "Basi hii ni kijani mgonjwa." Jina limeshashika humu ndani, hata Baba analitumia na hajaiona wala hataiona.

Dukani haipo. Msasa ataichanganya mwenyewe, nyeupe nyingi, kijani, manjano, na nyeusi ya kuonja tu.

Niambie tarehe. Juni ina siku thelathini.

Mdogo wako

11 Machi

Kasuku wangu,

U mzima? Nami mzima. Nimecheka hilo jina la kijani mgonjwa mpaka wenzangu wakauliza kuna nini. Msalimie Baba sana, mwambie apunguze kubishana na redio, redio haimsikii.

Huyo fundi wako mwangalie. Mwambie nyeusi aitie mwisho, kwa ncha ya kijiti, maana ikizidi hairudi. Achanganye ya nyumba nzima kwa mara moja kwenye pipa moja. Rangi ya kuchanganya kwa mkono haipatikani mara mbili, hata akiapa. Milango aisugue kwa msasa namba mia na ishirini mpaka ule mng'ao wa mafuta ufe, la sivyo rangi mpya itabanduka vipande vipande. Kona apake kwa brashi kwanza, rola ifuate kabla ukingo haujakauka. Akiacha ukauke utaona mstari milele.

Tarehe nitakuambia. Ofisini kuna mambo mengi, bosi ni mtu wa kumvizia akiwa ameshiba.

Kaka yako

20 Aprili

Kaka,

Hujambo? Sisi tupo. Mvua imenyesha wiki nzima, rangi ikagoma kukauka. Jirani wa mbele amepata wajukuu mapacha, wanalia kwa zamu, hatulali mchana.

Nyumba imekwisha. Yote kijani mgonjwa, dari tu ndiyo imebaki nyeupe kwa sababu Msasa alikataa katakata. Ushauri wako wa pipa ulichelewa. Barua ilifika ameshapaka vyumba viwili kwa ndoo ndogo, na ndoo ya tatu ikatoka tofauti. Kwenye korido pakawa na mstari kama mpaka wa mashamba. Basi tukachanganya upya, ya nyumba nzima, tukarudia vyote, chako kwanza. Wiki sita nimelala na harufu ya rangi puani.

Niseme ukweli, ni nzuri. Wageni wanasema imepoa. Lakini mimi nikiwa peke yangu alasiri naona kama nimemezwa. Ukuta, mlango, fremu, vyote kitu kimoja, hakuna mahali jicho linashika. Juzi nilikuwa bafuni natafuta kitasa kwa kupapasa, mimi mwenye macho yangu mawili. Nikacheka kama mwehu.

Anayenisumbua ni Baba. Tangu rangi iishe amesusa. Hatoki chumbani. Alikuwa kila asubuhi anakwenda mwenyewe barazani, anakaa kwenye kiti chake, anafungua redio na kuipinga. Sasa nikimwita anasema magoti. Nikitaka kumshika mkono anakuwa mkali: "Mimi mtoto?" Unamjua, hawezi kuongozwa ndani ya nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nadhani amechukia kwamba hatukumwuliza habari ya rangi. Jana uvumilivu ulinishinda, nikamwambia, "Baba, wanaosusa ni watoto."

Anauliza sebule yako ina madirisha mangapi. Na mimi nauliza tarehe.

Mdogo wako

30 Mei

Kasuku,

Pole na kazi, na hongera. Wapongeze majirani kwa mapacha.

Kuhusu Juni, kazi imebana, bosi hanipi nafasi. Tuseme Septemba. Septemba bila kukosa. Mwombe msimamizi wako akuongezee miezi miwili mitatu. Mtu aliyevumilia miaka minne hashindwi na miezi mitatu. Baba mwache, atazoea. Wazee na mabadiliko ni paka na maji.

Chumba changu kimetokaje? Nieleze taratibu. Mwanga wa asubuhi unapiga ukuta upi? Dirishani kunaonekana nini siku hizi? Huku nikichoka nafumba macho, najiweka humo. Nieleze kila kona.

Kaka yako

18 Juni

Kaka,

Salamu leo sina.

Jumatatu nilirudi sokoni mapema. Naingia korido, nasikia mtu ananong'ona. Ni Baba. Amesimama uso ukutani, viganja vyote viwili vimebandikwa kwenye rangi, anasogea hatua kwa hatua, jasho linamtoka. "Mlango wameupeleka wapi? Jamani, mlango wangu wameupeleka wapi?" Alikuwa ameshaupita mlango wa barazani, yuko upande wa stoo. Nikamwita. Akashtuka kama mwizi. Nikamshika mkono, na safari hii hakuukataa.

Nilipomkalisha ndipo aliposema. Tangu mwaka jana Baba haoni nyuso wala vitu, anaona mwanga na kiza tu. Zile kuta nyeupe kwake zilikuwa mwanga. Ile milango ya kahawia ilikuwa kitu cheusi kimesimama kwenye mwanga, ndicho alichokuwa anakifuata. Ule mkanda wa chini ndio ulikuwa barabara yake. Hakutuambia, maana angetuambia tungeanza kumshika mkono. Sasa tumempakia kila kitu rangi moja, ile ya katikati, si mwanga si kiza. "Mmenitia ndani ya maziwa," aliniambia. "Siku tatu nilitafuta mlango wa barazani. Nikaacha."

Chini ya kitanda chake nimekuta kopo tupu la rangi, limefunikwa gazeti. Lilikuwa choo chake cha mchana. Alikuwa analimwaga dirishani nikienda sokoni. Baba yetu, kaka, mtu wa kunyoosha shuka kabla ya chai! Na mimi nilimwambia wanaosusa ni watoto. Ulimi huu ningeweza ningeung'oa. Miezi miwili tumemfungia mtu ndani ya nyumba yake kwa brashi, tena tukiita ni kupamba.

Nilimkimbilia Msasa. Siku hiyohiyo akaja, akapaka milango yote na fremu zake rangi ya mafuta, nyeusi tii. Vyumba sasa vinatisha kidogo, lakini Jumatano Baba alitoka mwenyewe. Alifika barazani, akakaa, akafungua redio, akaanza kuitukana. Nilijifungia jikoni nikalia.

Sasa tuje kwako. Mtu wa ofisini anajua msasa namba mia na ishirini? Wewe uliyekuwa unapiga msumari ukiwa umefumba macho kwa woga? Kwenye kadi yako kuna unywele wa brashi umekwama, Msasa amenionyesha. Madirisha ya sebule umeulizwa, hukujibu. Tarehe umeulizwa mara mbili. Kiwandani wamenipa ya mwisho kabisa: tarehe mosi Oktoba niwe kwenye meza yangu, la sivyo wanampa mwingine na nisiandike tena.

Kwa hiyo usiniandikie habari za rangi. Niandikie ukweli, hata mstari mmoja.

Mdogo wako

25 Julai

Mdogo wangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi, kila nikifika kwenye kopo la Baba naacha.

Madirisha ni manne. Nayajua kwa sababu nilipaka fremu zake. Si sebule yangu. Mimi ni fundi rangi, Kasuku, tangu mwezi wa pili baada ya kufika. Ile kazi ya ofisini niliyoahidiwa haikuwepo. Tunalala wanane kwenye chumba kimoja juu ya stoo ya makopo, na kuta za chumba chetu hazijawahi kuguswa na brashi. Kutwa tunapaka nyumba za watu. Hiyo sebule nilimaliza kuipaka mchana mmoja, wenyewe hawajahamia, nikakaa sakafuni kula mkate. Kukawa kimya. Kwa mara ya kwanza tangu nije huku kichwa kilitulia. Nikapaka kadi. Nikasema, kama humu siwezi kukaa, basi rangi hii iwe mahali palipo pangu, inisubiri. Sikufikiri milango. Sikumfikiri Baba. Nilijifikiri mimi.

Pasipoti zetu ziko kwenye droo ya bosi, ufunguo anauvaa shingoni. Mkataba ukiisha analeta mwingine, tunatia saini. Anayegoma anaambiwa aondoke, lakini aondoke bila pasipoti aende wapi? Droo inafunguka kwa jambo moja tu, kufiwa na mzazi. Inatakiwa barua ya familia, anaiweka kwenye faili, anakupa siku kumi na nne. Ndugu hahesabiki, mke hahesabiki. Mzazi tu.

Kila ahadi niliyokupa, siku ya kuiandika niliiamini. Najua hilo halikusaidii kitu.

Usimsomee Baba hii.

Kaka yako

14 Agosti

Kaka yangu,

Pole. Nilikuwa na maneno nimekuandalia, makali, ya kukutosha mpaka Krismasi. Nimeyameza. Unakula? Wanane chumba kimoja mnageukaje usiku? Huku wazima. Mapacha wa jirani wamekubaliana kulia pamoja, angalau kunakuwa na mapumziko.

Ulisema nisimsomee Baba. Nilijaribu. Nikasoma salamu, nikamtungia habari za mvua ya huko. Akaniacha nimalize, akasema, "Karatasi tatu zote mvua? Hayo ni mafuriko. Soma." Nikasoma yote.

Aliizungusha chai yake mpaka ikapoa. Halafu akauliza, "Hiyo droo, kwa mzazi inafunguka?"

"Inafunguka, Baba."

"Basi chukua kalamu. Andika nimekufa."

Nilikataa. Nikamwambia huo ni uchuro, mtu hajitabirii. Akasema, "Kwani ukiandika napungukiwa nini? Chai si nitaendelea kunywa?" Nikamwambia siwezi. Akapandisha sauti, ile ya zamani ya kuita mafundi waliolala: "Wewe unaweza kunisomea uongo wa mvua, unashindwa kuandika uongo wa maana?"

Basi tukaandika. Siku alichagua Alhamisi, kwa kuwa Ijumaa kuna kipindi chake redioni. Nilipendekeza presha, akasema presha kila mtu anayo, andika moyo. Msasa ametia saini kama mjomba, hata hakusita. Barua ya bosi wako ni hii, ipo kwenye karatasi yake peke yake:

"Kwa Mkuu wa Kazi. Kwa masikitiko makubwa familia inakuarifu kwamba baba mzazi wa mfanyakazi wako amefariki dunia Alhamisi iliyopita baada ya kuugua moyo kwa muda mfupi. Marehemu alikuwa mjenzi hodari, mwenye bidii na mpole kwa watu wote. Tunaomba mwanawe mkubwa aruhusiwe kuja kusimamia mambo ya familia."

Hayo ya "mpole kwa watu wote" ni yeye aliyeongeza, nami sikutaka kubishana na marehemu. Akataka nimsomee tena. Akasikiliza kichwa kimeinama. "Imekaa vizuri," akasema. "Nimejisikitikia."

Ukipewa pasipoti ukaja kabla ya mwisho wa Septemba, usirudi tena huko. Ukae na Baba, nami niwahi tarehe mosi. Tutatoka wote wawili. Kaka, tutatoka!

Mdogo wako

5 Septemba

Kasuku,

Barua imefika. Nimeisoma chooni, ndipo mahali pekee ninapokuwa peke yangu. Sikuipeleka kwa bosi.

Baba alishakufa. Nilimuua mwaka juzi, mwezi wa nne. Niliandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, nikasema ni mjomba. Nilipewa pasipoti yangu na siku kumi na nne. Sikuja nyumbani. Nilikuwa nimesikia kuna kazi ya ofisini kwenye mji wa pili, nikasema nikiipata ndipo nije, nije na uso wa kuonyesha. Nilibisha milango siku kumi na tatu. Ya kumi na nne, sina hata nauli ya kwenda mbali zaidi, nikarudi, nikaiweka pasipoti kwenye droo kwa mkono wangu mwenyewe. Wenzangu walinipa pole. Bosi akauliza, "Umemzika salama?" Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo kwenye faili lake mimi sina mzazi. Mama alikufa nikiwa bado huko nyumbani, nilimwandika hivyo siku ya kwanza. Baba nimemtumia.

Ningeweza kuja kumwona. Pasipoti nilikuwa nayo mkononi. Hilo ndilo nililokuwa sitaki mlijue.

Kuhusu tarehe mosi sina la kukuambia.

Kaka yako

22 Septemba

Kaka,

Nilipomaliza kuisoma niliiweka chini ya sufuria, kana kwamba itaruka. Nilikutafutia tusi nikakosa, yote niliyonayo ni madogo. Mwaka juzi mwezi wa nne Baba alikuwa bado akikusogelea sana anaona uso. Angekuona, kaka. Sasa hata ukija leo utakuwa kitu cheusi mlangoni.

Sikutaka kumsomea. Lakini alikuwa anahesabu siku, anauliza posta mara mbili kwa siku, na kila akiuliza naona nakuwa kama wewe. Nikamsomea.

Alikaa. Akasema, "Mwaka juzi?" Nikasema ndiyo. "Kwa ugonjwa gani?" Nikasema hakuandika. "Hata hakunichagulia ugonjwa." Halafu akaanza kucheka, kaka, akacheka mpaka kikohozi kikamshika, nikamletea maji, akayasukuma. "Kumbe miaka miwili maiti anakula chakula cha bure!" Alipotulia alijifuta macho, na sijui kama yalikuwa ya kicheko, kwa sababu siku nzima redio hakuifungua.

Asubuhi yake aliniita. "Maiti haulizwi sanda," akasema, "lakini mimi nitasema, nimekaa kimya miaka miwili. Wewe humu unamchunga nani?"

"Nakuchunga wewe, Baba."

"Mimi nimekufa. Iko kwenye faili. Maiti hachungwi. Fungasha uende kwenye vitabu vyako."

Nilidhani ni mzaha. Nikamwambia nani atakupikia, nani atafua, nani atakusomea? Akasema ameshamaliza. Kumbe Jumapili, mimi nikiwa nafua, amezungumza na Msasa. Msasa ataacha kile chumba cha karibu na gereji, atahamia hapa. Atalala chumbani kwako. Nilibisha, kaka, nataka ulijue hilo, nilisema hicho ni cha kaka, tumekipaka mara mbili kwa ajili yake. Akasema, "Chumba ni cha anayelala humo." Msasa ameleta kitanda chake juzi, na makopo, na kelele zake. Anapika vibaya. Baba anasema afadhali mpishi mbaya asiyemhurumia.

Uliniuliza mwanga wa asubuhi unapiga ukuta upi, sikukujibu kwa hasira. Unapiga ule wa upande wa kitanda, saa moja hivi, rangi inakuwa kama maji ya kisima. Ni chumba kizuri. Samahani.

Sijakusamehe, usinihesabie. Lakini andika, andika hata kama huna la kusema. Waandikie wao hapa, mimi nitakutumia anwani yangu nikifika.

Nilifungasha, nikafungua, nikafungasha tena. Miaka minne nimelilia siku hii, na ilipofika nikaanza kukagua kama chumvi ipo ya kutosha. Nikaona nisipotoka sasa nitakuwa nimejifungia kwenye droo kama ya bosi wako, na ufunguo ninao mwenyewe.

30 Septemba. Naimalizia barua hii kituo cha basi, juu ya mkoba, usiulize mwandiko.

Asubuhi Baba alitoka peke yake mpaka mlango wa mbele. Hakunikumbatia, si kawaida yake, alinigonga begani kama anayepima ukuta. Nilikuwa nimeshashuka ngazi ya kwanza aliponiita.

"Mimi nimekufa, wewe ukatoka," akasema. "Sasa kaka yako naye. Afe nani ndipo atoke?"

Msasa aliangalia pembeni. Basi lilikuwa linapiga honi barabarani. Nilisimama na mkoba wangu, nikamwambia nitakuuliza wewe.

Nakuuliza.

Mdogo wako